Maandishi Nayo ni Nodi

Tazama mstari huu wa HTML, wa kawaida kabisa, ambao ungeweza kuukuta kwenye ukurasa wa duka lolote:

<p>Bei ya sukari ni <b>3000</b> kwa kilo.</p>

Kabla hujasoma zaidi, jibu swali hili: elementi ya p ina watoto wangapi?

Wengi wanaoanza kujifunza watasema mmoja, yaani b, maana ndiyo tagi pekee iliyomo. Jibu sahihi ni watatu. Naamini swali hili lilifaa kuulizwa siku ya kwanza ya somo la kutengeneza kurasa za wavuti, kabla mwanafunzi hajafundishwa amri hata moja ya kubadilisha ukurasa, kwa sababu sehemu kubwa ya mikanganyiko inayomsubiri mbele ya safari chimbuko lake ni hapa. Twende polepole mpaka tuwaone hao watatu.

Tuanze na kile kinachosafiri. Seva haitumi aya, wala haitumi maandishi ya wino mzito. Inatuma mfululizo wa herufi: alama ya kufungulia tagi, kisha p, kisha alama ya kufungia, kisha B, e, i, nafasi, na kuendelea. Kivinjari kinazisoma moja baada ya nyingine, na kazi yake ya kwanza ni kuamua kila herufi ni ya nini. Je, ni sehemu ya tagi, au ni maandishi?

Kikikuta <p>, kinaunda kitu kipya kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani elementi, na kukiacha wazi kikisubiri kujazwa. Kisha inakuja B. Hapa inatumika kanuni fupi iliyomo kwenye kiwango rasmi cha HTML, nayo inafaa kushikwa vizuri. Herufi ya maandishi ikifika, kivinjari kinatazama kilichotangulia mahali pale pale inapotakiwa kukaa. Kikiwa ni nodi ya maandishi, herufi inaongezwa mwishoni mwa nodi hiyo. Kisipokuwa nodi ya maandishi, inaundwa nodi mpya ya maandishi yenye herufi hiyo moja.

Ifuate kanuni hiyo kwa kidole. B inapofika, ndani ya p hamna kitu, basi nodi mpya inaundwa. Inapofika e, nyuma yake ipo nodi ya maandishi, kwa hiyo inaongezwa humo. Vivyo hivyo i, nafasi, y, a, mpaka ile nafasi iliyo baada ya "ni". Nodi sasa ina herufi 17, nafasi zikihesabiwa. Ndipo inapokuja <b>. Kivinjari kinaunda elementi ya pili, kinaiweka ndani ya p baada ya ile nodi, na kuanzia hapo kinajaza ndani ya b. Tarakimu za 3000 zinapata nodi yao humo. Ikija </b>, kivinjari kinarudi ndani ya p na kukutana na nafasi iliyo kabla ya "kwa". Mara hii kilichotangulia ni elementi ya b, si maandishi. Kwa hiyo inaundwa nodi nyingine, nayo inajazwa mpaka nukta ya mwisho, herufi 10. Mti unaopatikana ni huu:

p
├─ "Bei ya sukari ni "
├─ b
│  └─ "3000"
└─ " kwa kilo."

Hao ndio watoto watatu wa p. Ukihesabu kila kitu, pamoja na p yenyewe, mstari mmoja umetoa nodi tano: elementi mbili na nodi tatu za maandishi. Na tazama 3000 ilipo. Haimo miongoni mwa watoto wa p, ni mjukuu.

Maneno, basi, si sifa ya elementi kama vile id au class zilivyo sifa zake. Ni kitu kingine kabisa, chenye mahali pake kwenye mti, chenye mzazi na ndugu, ambacho unaweza kukitoa hapa na kukipeleka kule bila kuigusa elementi iliyokizunguka. Yote yanayofuata katika makala haya yanatokana na jambo hilo moja.

Mti huo ndio unaoitwa DOM, na haukuwepo tangu mwanzo kwa sura hii. JavaScript ilipotokea mwaka 1995, kazi ya Brendan Eich akiwa kwenye kampuni ya Netscape, programu iliweza kugusa sehemu chache tu za ukurasa, kama fomu na viungo. Aya ikishaonekana kwenye kioo ilikuwa haishikiki tena. Mwaka 1997 Netscape na Microsoft wakatoa matoleo ya nne ya vivinjari vyao, kila mmoja akiwa na njia yake ya kuubadilisha ukurasa, na aliyetaka kuwahudumia wasomaji wa pande zote mbili alilazimika kuandika msimbo wa aina mbili. Tarehe 1 Oktoba 1998 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likapitisha DOM ya ngazi ya kwanza. Uamuzi mkubwa uliomo ni kwamba kila kitu kwenye hati ni nodi, na kila aina ya nodi ina namba yake. Elementi ni 1. Maandishi ni 3. Maoni yanayoachwa ndani ya msimbo wa HTML, ambayo msomaji hayaoni, ni 8. Hati yenyewe ni 9. Namba hizo ndizo zinazotumika hadi leo, na ukiiuliza nodi yoyote nodeType yake itakujibu kwa namba mojawapo.

Tofauti kati ya 1 na 3 ndiyo ya kushikilia. Elementi ina jina la tagi, ina sifa, ina class, inakubali mtindo, na inaweza kuwa na watoto. Nodi ya maandishi haina hata kimoja kati ya hivyo. Jina lake siku zote ni #text. Ilicho nacho ni mfuatano wa herufi tu, unaosomeka na kubadilishwa kupitia nodeValue. Elementi nayo ukiiuliza nodeValue inajibu null, yaani hamna kitu; na ukijaribu kuiandikia, haikatai wala haibadiliki. Anayeandika p.nodeValue = "Bei mpya" haoni kosa lolote kwenye konsoli, na haoni badiliko lolote kwenye ukurasa. Hitilafu ya namna hii huchosha kuliko ile inayopiga kelele.

Sasa tuje kwenye nodi zisizoonekana. Hii ni orodha ya samaki:

<ul>
  <li>Dagaa</li>
  <li>Changu</li>
  <li>Kibua</li>
</ul>

Elementi za li ni tatu. Lakini ul.childNodes.length inatoa 7. Rudi kwenye ile kanuni ya herufi na utaona kwa nini. Baada ya <ul> kuna mstari mpya na nafasi mbili. Kwako wewe hizo ni mpangilio wa kupendeza macho; kwa kivinjari ni herufi tatu, na herufi zikija bila nodi ya maandishi nyuma yao, nodi inaundwa. Ndivyo inavyokuwa tena kati ya Dagaa na Changu, kati ya Changu na Kibua, na baada ya Kibua kabla ya kufunga orodha. Nodi nne za nafasi tupu, elementi tatu, jumla saba.

Anayeandika ul.firstChild akitegemea kupata Dagaa anapata mstari mpya na nafasi mbili. Akiandika ul.firstChild.style.color = "red", programu inasimama kwa kosa, kwa sababu nodi ya maandishi haina style. Akiandika ul.firstChild.className = "kwanza", mambo ni mabaya zaidi: JavaScript inakubali, inabandika hilo neno kwenye nodi ambayo haitalitumia kamwe, na ukurasa unabaki vilevile.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini kivinjari kisizitupe nafasi hizi? Jibu lake ni zuri. Fikiria <b>Asha</b> <b>Juma</b>. Ile nafasi moja katikati ikitupwa, msomaji ataona AshaJuma. Zaidi ya hapo, wakati mti unajengwa kivinjari hakiwezi kujua mtindo utakaokuja kutumika. CSS inaweza kuagiza baadaye kwamba sehemu hii ionyeshe kila nafasi na kila mstari mpya kama ulivyoandikwa, na kama nafasi zilishatupwa hakuna pa kuzirudishia. Kwa hiyo zinahifadhiwa kwenye mti, na uamuzi wa kuzionyesha au kuzibana unaachiwa hatua ya kuchora ukurasa. Ipo mipaka michache: nafasi zilizo kabla ya <head> hazihifadhiwi, na maneno yaliyoachwa ovyo ndani ya jedwali, nje ya seli, hutolewa na kuwekwa kabla ya jedwali lenyewe.

Internet Explorer kabla ya toleo la 9 ilikuwa na desturi nyingine, haikuziweka nodi nyingi za nafasi tupu, hivyo msimbo uleule ulihesabu saba kwenye kivinjari kimoja na tatu kwenye kingine. Waandishi wa programu wa miaka ile walizoea kuandika vitanzi vya kuruka kila nodi isiyo na nodeType ya 1. Mwezi Desemba 2008 W3C ikapitisha kiwango kifupi kilicholeta firstElementChild, nextElementSibling na wenzao, amri zinazotembea juu ya elementi peke yake. Leo tuna pia children, inayorudisha zile li tatu bila nafasi. Ushauri wangu ni kwamba ukitafuta elementi, tumia amri zenye neno Element ndani yake, au children. Zile za childNodes na firstChild ziachie siku unayotaka maandishi kwa makusudi.

Na siku hiyo huja. Tazama fomu hii:

<label>Jina lako <input name="jina"></label>

Unataka maneno "Jina lako" yawe "Jina kamili". Amri inayofundishwa kila mahali ni textContent, kwa hiyo unaandika label.textContent = "Jina kamili". Maneno yanabadilika, na kisanduku cha kuandikia kinatoweka. Hakuna hitilafu iliyotokea, amri imetii. Ukiiandikia elementi textContent, unaagiza kwamba watoto wake wote waondolewe, na mahali pao pawekwe nodi moja ya maandishi. Kisanduku kilikuwa mtoto wa label kama maneno yalivyokuwa mtoto wake, nacho kikaondolewa pamoja na wenzake, na kile mtumiaji alichokwisha kuandika humo kikapotea nacho.

Ulichotaka kilikuwa kubadilisha mtoto mmoja tu. Huyo anafikika: label.firstChild.nodeValue = "Jina kamili ". Nodi ileile inabaki mahali pake, herufi zake tu ndizo zinabadilika, na jirani yake haguswi. Lakini njia hii inategemea maneno yawe ndiyo mtoto wa kwanza. Mwenzako akija kesho akakihamishia kisanduku mwanzoni, firstChild itakuwa kitu kingine. Ndiyo maana, maandishi unayojua utayabadilisha, ni heri uyape elementi yao, <span>Jina lako</span>. Maji hayana mpini. Anayetaka kuyabeba hushika ndoo. Span ina class, ina id, inapatikana kwa querySelector, na kuiandikia textContent hakumdhuru yeyote nje yake.

Kuna swali la usalama ndani ya tofauti hii, nalo ni zito. Tuseme mgeni anaandika jina lake kwenye fomu na wewe unalionyesha kwenye ukurasa. Badala ya jina, anaandika hivi:

<img src="x" onerror="alert(1)">

Ukilipitisha jina hilo kwa innerHTML, unakiambia kivinjari kizisome herufi hizo kwa kanuni zilezile za HTML. Kitaona tagi, kitaunda elementi ya picha, picha haitapatikana, na msimbo wa mgeni utatekelezwa ndani ya ukurasa wako, kwa jina la yeyote anayeutazama. Wako wanaojipa moyo kwamba tagi ya script inayoingizwa kwa innerHTML haitekelezwi. Hilo ni kweli, na halisaidii kitu, maana onerror inatekelezwa. Mwezi Oktoba 2005 Samy Kamkar aliacha msimbo kwenye wasifu wake wa MySpace kwa kupenya vichujio vya mtandao huo, na kwa muda usiofika siku nzima wasifu wa watu zaidi ya milioni moja ulikuwa umeambukizwa. Mbinu aliyotumia ilikuwa yake, lakini ukoo wa kosa ni huu: maandishi ya mtu yalisomwa kama maagizo.

Jina lilelile ukiliweka kwa textContent au kwa document.createTextNode, hakuna usomaji wa tagi unaofanyika. Herufi zinaingia kwenye nodi ya aina ya 3 zilivyo. Nodi hiyo haina uwezo wa kuwa na watoto, hivyo haiwezi kugeuka picha, kiungo wala kitufe. Msomaji ataona alama zilezile alizoandika mgeni, basi. Usalama huo hautokani na kuchuja chochote. Unatokana na aina ya nodi.

Hapo pia linajibiwa swali la wale wanaoona &amp; kwenye ukurasa wao. Kwenye faili la HTML unaandika Musa &amp; Asha ili kivinjari kisiichukulie alama ya & vibaya. Kinaposoma, kinaibadilisha, na ndani ya nodi inaingia & moja tu. Ukiunda nodi kwa createTextNode("Musa &amp; Asha"), hatua hiyo ya kusoma haipo, na herufi zote tano zinabaki kama zilivyo. Andika & tu.

Sasa turudi kwenye sukari, tufanye kazi ngumu kidogo: msomaji anatafuta neno "sukari" na tunataka kulipaka rangi. Hatuwezi kuipa herufi rangi ndani ya nodi ya maandishi. Inabidi nodi ikatwe, na kipande cha katikati kivikwe elementi ya mark. DOM ina amri ya kukata, splitText:

const kwanza = p.firstChild;
const kati = kwanza.splitText(7);
kati.splitText(6);
const alama = document.createElement("mark");
kati.replaceWith(alama);
alama.append(kati);

Kuhesabu kunaanzia sifuri, kwa hiyo 7 ni mahali s ya sukari ilipo. Mkato wa kwanza unaiacha "Bei ya " upande wa kushoto na kurudisha "sukari ni ". Mkato wa pili, baada ya herufi sita, unaitenga " ni ". Kisha mark inachukua nafasi ya neno, na neno linaingia ndani ya mark. Elementi ya p sasa ina watoto watano, na sentensi inasomeka vilevile.

Ukija kuiondoa mark na kulirudisha neno mahali pake, utabaki na nodi tatu za maandishi zilizopangana, "Bei ya ", "sukari" na " ni ". Macho yanaona maneno yanayofuatana. Mti una vipande vitatu. Atakayetafuta "ya sukari" kwa kupita nodi moja moja hatakipata, ingawa kiko mbele yake. Amri ya p.normalize() inaunganisha nodi za maandishi zilizo jirani na kuondoa zilizo tupu. Hata hivyo haina nguvu juu ya neno lililokatwa na elementi: kwenye su<b>kar</b>i hakuna nodi hata moja yenye neno zima, na anayetengeneza kitafutio lazima alijue hilo tangu mwanzo.

Kivinjari chenyewe nacho huzigusa nodi hizi, na hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili wanapohusika hasa. Mtu anafungua ukurasa wa Kiingereza kwenye Chrome, anabonyeza kutafsiri kwenda Kiswahili. Mtafsiri anapitia nodi za maandishi, anazitoa, na mahali pake anaweka elementi za font zenye maneno yaliyotafsiriwa. Kama ukurasa umetengenezwa kwa React, maktaba ya JavaScript, programu hiyo inashikilia kumbukumbu ya nodi zake za awali, na haina habari kwamba zimeshatolewa kwenye mti. Ikitaka kuiondoa mojawapo kwa removeChild, inaambiwa nodi hiyo si mtoto wa mzazi huyo, na sehemu ya ukurasa, au ukurasa wote, inaanguka. Ikitaka tu kubadilisha herufi, inaandika nodeValue mpya kwenye nodi iliyotupwa nje. Hakuna kosa linaloonekana. Bei kwenye kumbukumbu imekuwa 3200, na aliyetafsiri anaendelea kuiona 3000.

Mtengenezaji anayejaribu kazi yake kwa Kiingereza peke yake hatakutana na hitilafu hii hata siku moja, na wateja wanaoipata ni walewale waliohitaji tafsiri. Dawa yake ni nyepesi. Maandishi yanayoweza kuondoka yafungwe ndani ya span, ili React iondoe elementi ambayo mtafsiri hakuihamisha. Na tarakimu zisizohitaji tafsiri, kama bei, zipewe translate="no" kwenye elementi iliyozibeba, ili mtafsiri aziruke na nodi yao ibaki ileile ambayo programu inaijua.